Misidi Anakula Nini? Uliza Kwanza ni Mwezi Gani

Katika maziwa ya baridi na yenye kina kirefu ya Kanada, kaskazini mwa Marekani na nchi za Skandinavia anaishi mnyama mdogo ambaye mtu wa Tanga au Pemba akimwona kiganjani atadhani ni uduvi ambaye bado hajaanikwa. Mwili wake ni mwembamba na unapitisha mwanga, macho ni meusi na yametokeza, urefu ni sentimita 2 hivi. Wataalamu humwita Mysis. Hapa tumwite misidi.

Kuanzia mwaka 1949, na kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata, maofisa wa uvuvi waliwamwaga misidi katika maziwa zaidi ya 100 ambako hawakuwapo. Nia ilikuwa njema: kuwalisha samaki. Walichokijua ni kwamba samaki humla misidi. Ambacho hawakukichunguza vya kutosha ni misidi mwenyewe anakula nini, saa ngapi, na katika majira gani. Kosa hilo liliyagharimu maziwa mengi, na bado yanasikika maelezo juu ya mnyama huyu ambayo ama si ya kweli, ama ni ya kweli kwa miezi michache tu ya mwaka.

"Ni kamba mdogo tu."

Si kweli. Misidi na kamba ni ndugu wa mbali ndani ya ukoo mpana unaowabeba pia kaa na kamba-koche, lakini wako katika makundi tofauti. Misidi jike ana kifuko tumboni ambamo mayai hukaa yakaanguliwa, na watoto hubaki humo mpaka wafikie milimita 3 au 4, ndipo huachiwa majini wakiwa tayari na umbo la mama yao. Mkiani ana vijiwe viwili vidogo vinavyomsaidia kujua juu ni wapi na chini ni wapi, jambo muhimu kwa mnyama anayeishi gizani. Wapo pia wanaomchanganya na krili wa bahari ya Antaktika, ila krili huyaachia mayai yake majini na hana kifuko. Na hata misidi wenyewe si mmoja: mwaka 2005 wataalamu waligawanya jina moja la zamani, Mysis relicta, katika spishi nne. Wa maziwa ya Marekani ya Kaskazini sasa anaitwa Mysis diluviana, na ndiye tunayemzungumzia zaidi.

"Anakula mwani na uchafu wa chini ya ziwa, hana madhara kwa wengine."

Kweli kwa watoto. Kweli pia, kwa kiasi, kwa wakubwa katika majira ya kuchipua. Baada ya hapo si kweli tena.

Watoto huachiwa kutoka kwenye kifuko cha mama kuelekea mwisho wa baridi na wakati wa majira ya kuchipua, na hiyo si bahati. Huo ndio wakati diatomu, yaani mwani mdogo sana wenye ganda la silika, huongezeka kwa wingi katika maziwa haya. Mwanga unarudi, maji bado ni baridi, virutubisho vilivyopandishwa na mchanganyiko wa maji vipo tele. Diatomu nyingi huzama, na misidi mchanga akiwa karibu na sakafu ya ziwa hukuta chakula kimemshukia. Huokota pia mabaki ya mimea na viumbe waliokufa, na hukamata rotifa, wanyama wadogo kiasi cha kutoonekana bila hadubini.

Wakubwa nao hawadharau diatomu zikiwa nyingi. Hapo ndipo hadithi ya "mla mwani mpole" ilipopata nguvu: mtu akimchunguza misidi wa mwezi wa Mei, akakuta tumbo limejaa kijani na kahawia, anaandika kwamba huyu ni mla mwani. Akija tena Septemba atakuta vipande vya magamba na miguu ya wanyama wengine. Misidi hukua, miguu yake hupata nguvu na mdomo hupanuka, kisha ziwa lenyewe hubadilisha kilichomo. Kadiri zuplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini, wanavyoongezeka katika kiangazi na majira ya kupukutika, ndivyo misidi mkubwa anavyogeuka mwindaji.

"Kwa kuwa dafnia huwa wengi majira ya joto, ndipo misidi huwamaliza."

Si kweli, na hapa ndipo penye kiini cha jambo lote.

Dafnia ni kiumbe mviringo mwenye urefu wa milimita 1 au 2, anayechuja mwani kutoka majini siku nzima. Kwa samaki wengi wadogo hakuna chakula kizuri kuliko yeye: ana nyama, anaonekana, na hana mbio. Kwa misidi pia ni chakula kinachopendwa. Kwa nini basi dafnia hustawi katika miezi ile ile ambayo misidi ni wengi na wana njaa?

Jibu limo katika joto la maji. Misidi hapendi mwanga, na hapendi joto. Mchana hukaa chini kabisa, gizani. Jua likizama huanza kupanda, na katika ziwa refu kama Tahoe, lenye kina cha mita 501 kwenye mpaka wa California na Nevada, safari hiyo huwa ya mamia ya mita kila usiku. Mwezi ukiwa mpevu hupanda kidogo tu. Lakini hata usiku wa giza totoro kuna mahali anaposimama: maji yakizidi nyuzi 14 za selsiasi hivi, huishia hapo.

Katika majira ya joto jua hupasha maji ya juu, nayo kwa kuwa ni mepesi hubaki yakielea juu ya maji ya baridi. Ziwa hugawanyika matabaka. Katika Ziwa Flathead, jimbo la Montana, tabaka la juu hufikia nyuzi 20. Kwa misidi hilo ni dari asiloweza kulitoboa. Dafnia wanaokaa juu ya dari hiyo wanazaliana kwa amani, angalau upande wa misidi, maana samaki nao wanawaona vizuri mchana.

Dari hujengwa polepole, mwezi wa Juni na Julai. Kabla ya hapo, majira ya kuchipua, ziwa zima lina joto linalokaribiana toka juu hadi chini, na misidi anaweza kufika popote. Wakati huo dafnia ni wachache, ndiyo kwanza wanaanza kuongezeka katika maji yanayowachelewesha kuzaa. Jike mmoja akiliwa Mei, walioliwa ni pamoja na watoto wake, wajukuu wake na vitukuu ambao wangekuwapo Julai. Kwa hiyo misidi hahitaji kula dafnia wengi ili kuwavunja. Anahitaji kula wachache, mapema. Katika Flathead kilele cha dafnia kilisogea mbele, kikasubiri mpaka matabaka yajengeke, na hata hicho kilele kilikuwa chini kuliko zamani.

Kisha huja majira ya kupukutika. Maji ya juu hupoa, dari hubomoka, usiku hurefuka. Kwenye latitudo ya Flathead usiku wa Juni ni wa saa 8 hivi, na wa Desemba ni wa saa 16. Mwindaji wa gizani amepewa ziwa zima na muda maradufu.

"Wakati wa baridi hulala."

Si kweli. Misidi ni mnyama wa baridi, na maji ya nyuzi 4 ni nyumbani kwake. Hula, huogelea, hupandana katika majira ya kupukutika na baridi, na majike hubeba mayai kifukoni miezi hiyo yote, hata chini ya barafu katika maziwa yanayoganda. Mwili wake hufanya kazi taratibu zaidi na mahitaji yake hupungua, lakini hakuna siku anayofunga mdomo.

"Kwake dafnia na kopepodi ni mamoja."

Si kweli, ila anayechagua si misidi peke yake. Misidi hupiga miguu yake na kuvuta mkondo wa maji kuelekea kinywani, na huhisi mtikisiko wa kiumbe kinachopita karibu, ndiyo maana anaweza kuwinda bila kuona chochote. Kopepodi, zuplanktoni mwingine, ana vipapasio virefu vinavyohisi mkondo huo huo, naye huruka ghafla mara nyingi ya urefu wa mwili wake na kutoweka. Dafnia hurukaruka polepole, kwa mwendo unaotabirika. Wote wawili wakiwapo kwa wingi sawa, anayeishia tumboni zaidi ni dafnia.

Hata hivyo kopepodi huvumilia baridi vizuri kuliko dafnia, na kuanzia Januari mpaka Aprili mara nyingi ndio pekee waliobaki kwa wingi katika maji ya wazi. Miezi hiyo misidi huwala wao. Ukimuuliza mtaalamu wa maziwa haya ni zuplanktoni gani anayependwa na misidi, atakayejibu bila kuuliza tarehe hajafikiri vya kutosha.

"Misidi ni chakula kizuri cha samaki, kwa hiyo ukiwaongeza utapata samaki zaidi."

Sehemu ya kwanza ni kweli. Misidi ana mafuta mengi na samaki wanaomfikia hunenepa. Sehemu ya pili ndiyo iliyoharibu maziwa.

Chanzo chake ni Ziwa Kootenay, British Columbia. Mwaka 1949 misidi kutoka Ziwa Waterton, Alberta, walipelekwa huko ili wawe chakula cha trauti wakubwa. Trauti hawakufaidika kama ilivyotarajiwa. Walioneemeka ni samoni wadogo wanaoitwa kokani, tena wa upande mmoja tu wa ziwa, mkono wa magharibi, ambao walianza kufikia uzito uliowashangaza wavuvi. Mwaka 1964 ilichapishwa ripoti ya kisayansi iliyosifu mafanikio hayo, na maofisa wa maziwa mengine wakataka misidi.

Kilichopita machoni pao ni umbo la Kootenay. Ziwa hutoa maji yake kupitia mkono huo wa magharibi, juu ya sakafu iliyoinuka. Misidi waliopanda usiku walichukuliwa na mkondo, wakamwagwa mahali pa kina kifupi, na kulipokucha hawakuwa na kina cha kukimbilia. Kokani walikuwa wakiwasubiri kwenye mwanga. Maziwa mengi hayana mlango wa namna hiyo. Katika ziwa la kawaida kokani, anayewinda kwa macho mchana karibu na juu, na misidi, aliyejificha chini muda huo, hawakutani kabisa. Usiku misidi hupanda na kula dafnia ambao kokani angewala kesho yake. Aliyeletwa kama chakula amekuwa mshindani, na kwa kuwa anakula usiku hakuna anayemwona akifanya hivyo. Hata kokani wa ziwa kuu la Kootenay waliumia.

Flathead ndilo lililolipa gharama kubwa zaidi. Misidi hawakumwagwa humo moja kwa moja. Walimwagwa kati ya 1968 na 1976 katika maziwa yaliyo juu yake, wakateremka na mito. Walionekana Flathead mara ya kwanza mwaka 1981, na kufikia 1986 walikuwa zaidi ya 100 kwa kila mita ya mraba. Kokani, ambao nao walikuwa wageni walioletwa mwanzoni mwa karne ya 20, walikuwa na desturi ya kupanda kijito cha McDonald, ndani ya hifadhi ya taifa ya Glacier, kwenda kutaga. Katikati ya miaka ya 1980 walipita laki moja kwa msimu. Mwaka 1987 walikuwa 330 hivi. Mwaka 1989, kama 50.

Turudi kwenye kalenda, kwa sababu bila hiyo anguko hilo halieleweki. Vifaranga vya kokani huchomoza kutoka kwenye changarawe na kushuka ziwani majira ya kuchipua. Hapo ndipo vinapohitaji zuplanktoni wanene, na hapo ndipo misidi, kabla dari ya joto haijajengwa, anapokuwa na uhuru wa kula kila pembe ya ziwa. Dafnia wa Agosti hamsaidii kifaranga wa Mei.

Wakati huo huo trauti wa ziwa, samaki mlafi anayekaa chini, alipata neema. Watoto wake hukaa kwenye giza la chini pamoja na misidi, wakala wakashiba wakakua, wakaongezeka, na wakubwa wao wakala kokani waliosalia. Tai wenye kichwa cheupe waliokuwa wakikusanyika kila mwaka kwenye kijito cha McDonald kula samoni walihesabiwa 639 mwaka 1981. Mwaka 1989 walikuwa 25. Watalii waliokuja kwa makumi ya maelfu kuwatazama nao wakaacha kuja. Mimi naona hakuna mfano unaoonyesha wazi kuliko huu jinsi kiumbe cha sentimita 2 kinavyoweza kumhamisha ndege mwenye mabawa ya mita 2.

"Ukileta mlaji wa zuplanktoni ziwani, mwisho wake ni hasara siku zote."

Si kweli, na wasomaji wa Goma, Bukavu na Gisenyi wana ushahidi sahanini. Karibu na mwaka 1959 dagaa wa aina ya Limnothrissa miodon walitolewa Ziwa Tanganyika na kupelekwa Ziwa Kivu, ambalo maji yake ya wazi hayakuwa na samaki wa kula zuplanktoni. Dafnia wakubwa wa Kivu walitoweka, kama walivyotoweka kwingine. Lakini sambaza, kama wanavyoitwa huko, wamekuwa uvuvi unaolisha familia nyingi za pande zote mbili za mpaka. Tofauti na misidi ni kwamba sambaza mwenyewe huvuliwa akaliwa na watu. Katika Flathead chakula kilichotoka kwa dafnia kilihamia kwa mnyama ambaye hakuna aliyemvua.

"Fungua tumbo lake utajua anachokula."

Utajua alichokula saa chache zilizopita, na tena si chote. Ganda la dafnia na taya za kopepodi hudumu, mtaalamu akaziona kwenye hadubini. Rotifa laini na mwani usio na ganda husagika haraka, hivyo huonekana wachache kuliko walivyoliwa. Misidi pia huendelea kula akiwa ndani ya wavu uliojaa zuplanktoni, na anayemvua mchana chini ya ziwa atakuta mlo tofauti na wa yule aliyevuliwa usiku katikati ya maji.

Kwa hiyo siku hizi hupimwa pia nitrojeni nzito iliyomo mwilini. Kila hatua ya kupanda katika mnyororo wa ulaji huongeza kiasi chake kwa wastani wa sehemu 3.4 kwa elfu, hivyo mla nyama hutofautiana na mla mwani. Kipimo hiki nacho kina upungufu wake: misuli hujengwa kwa wiki na miezi, kwa hiyo huchanganya mlo wa Mei na wa Septemba ukawa kitu kimoja. Tumbo linasema habari za usiku mmoja, misuli inasema habari za msimu. Anayetaka kalenda kamili lazima avue mara kwa mara mwaka mzima, usiku, baridi iwe inauma namna gani, na tafiti nyingi za zamani zilikuwa za kiangazi tu kwa sababu ndipo boti zilipotoka.

"Wakishaingia hawatoki."

Karibu kweli. Tahoe walipelekwa kati ya 1963 na 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 dafnia na ndugu yake mdogo, bosmina, walikuwa wametoweka katika maji ya wazi, na ziwa likakosa wachujaji wake muhimu. Tahoe haigandi, na maji yake ya kina ni baridi mwaka mzima, mazingira yanayomfaa misidi kikamilifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wamejaribu kuwavua kwa nyavu za kuburuta, wakitoka usiku pale wanapopanda. Katika Ziwa Okanagan, British Columbia, uvuvi wa misidi umekuwa biashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na huuzwa kama chakula cha samaki wa mapambo. Nyavu hupunguza, hazimalizi.

Lakini karibu na mwaka 2011, katika ghuba ya Emerald iliyo pembeni ya Tahoe, misidi walipungua wenyewe mpaka wakawa nadra. Dafnia walirudi. Katika muda mfupi maji ya ghuba hiyo yakawa angavu zaidi, wachujaji wakiwa wamerudi kazini.